Mashine ya Marehemu

Severina, mama yake Rahabu, aliwapikia wauguzi wa Kizungu wa hospitali ya misheni kule Iramba tangu akiwa binti mpaka mvi zikamtoka. Wauguzi hao walipofunga virago kurudi kwao, walimwuliza anataka kumbukumbu gani. Wenzake walikuwa wameshachagua mablanketi, magodoro, baiskeli. Yeye alinyoosha kidole mezani, kwenye mashine ya kukorogea keki. Ilikuwa mashine ya zamani, ya chuma kitupu, imepakwa rangi nyeupe iliyoanza kubanduka, na ina bakuli lake la kioo kizito. Wanawake wenzake walimcheka. Kijijini kwake hata nguzo moja ya umeme haikuwepo.

Severina hakujali. Aliiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa alichokifuma kwa mkono, na kila Jumamosi aliishusha, akaifuta vumbi, akairudisha. Alikufa hajawahi kuisikia ikilia ndani ya nyumba yake.

Rahabu ndiye aliyeirithi. Umeme ulipofika Shelui, alipokuwa amepanga chumba na kuuza maandazi kwa madereva wa malori, aliibeba kichwani mpaka kwa fundi mmoja kijana aitwaye Gervas. Gervas alikuwa mtu wa Mtinko. Alianza ufundi kwa kutengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu huko Sekenke, kisha akashuka Shelui kufungua gereji ya malori. Aliigeuza ile mashine juu chini, akasoma kibati kilichobandikwa kitakoni, akatikisa kichwa.

"Dada, hii ukiichomeka ukutani inakufa papo hapo. Umeme wake ni mdogo, wetu ni mkubwa. Lazima tuitafutie transfoma."

Aliitafuta. Alikwenda Singida mara mbili, akaikosa, akaipata Nzega kwa mtu aliyekuwa akitengeneza redio. Ilikuwa kisanduku cha bati, kizito kama jiwe la kusagia. Siku walipoiunganisha, mashine ilinguruma, na kila mzunguko ikawa inakohoa kidogo, kwa maana jino moja la gia lilikuwa limemeguka tangu enzi za Wazungu. *Nguuu, kho. Nguuu, kho.* Rahabu alilia, akimkumbuka mama yake. Gervas alichovya kidole kwenye mchanganyiko wa siagi na sukari, akakilamba, akasema, "Mimi nitaoa hapa hapa."

Na kweli alioa.

Keki za Rahabu zilijulikana mpaka Misigiri. Alitumia mayai ya kuku wa kienyeji, na pale wengine walipoweka siagi tupu yeye alichanganya na mafuta ya alizeti kidogo, ili keki isikauke upesi kwa ule upepo. Alioka kwenye oveni ya mkaa, nyuma ya nyumba. Harusi, kipaimara, ubatizo, sherehe ya kumuaga binti, hakuna shughuli iliyofanyika Shelui bila keki yake mezani. Alipoulizwa siri yake alisema ni mashine ya mama. "Mkono wa mtu unachoka," alikuwa akisema. "Hii haichoki."

Kitu kimoja tu ndicho hawakukipata. Rahabu alishika mimba, wakangoja, na mtoto alipozaliwa hakulia. Alikuwa mvulana. Rahabu mwenyewe alivuja damu mpaka wauguzi wakamwita mchungaji, lakini akapona. Madaktari walimwambia asitegemee tena. Gervas alimzika mtoto Mtinko, kwenye makaburi ya baba zake, na kwa muda mrefu akawa mpole kwa mkewe kama mtu abebaye yai. Rahabu alimshukuru Mungu kwa ajili ya mume wa namna hiyo. Alisema hivyo hadharani, mbele ya akina mama wenzake kanisani.

Halafu siku moja mashine ilitoa moshi katikati ya kazi. Gervas alisema ni kaboni za mota zimekwisha, kuna fundi anamfahamu Singida. Akaifunga ndani ya blanketi, pamoja na transfoma yake, akapanda nayo basi. Aliporudi alisema fundi anangoja kifaa kutoka Dar es Salaam. Baadaye akasema kifaa kimekuja lakini si chenyewe. Baadaye tena akaja amenyong'onyea, akaketi, akavua kofia.

"Yule bwana kahama, mama. Kafunga duka kaondoka na vitu vya watu. Hata simu haipatikani."

Rahabu aliomboleza kama aliyefiwa mara ya pili. Gervas alimbembeleza, akamletea mwiko mpya wa mti mgumu, na Rahabu akaanza kukoroga kwa mkono. Bega lilimuuma hadi akawa halali ubavu wa kulia. Keki hazikuwa zile tena. Wateja hawakumwambia kitu. Walianza tu kuagiza kwingine.

Yote haya yalikuwa yamekwishapoa na kuwa kawaida, mwaka ule alipokwenda Singida mjini kwa semina ya akina mama wa kanisa. Alifikia Majengo kwa Eliza, mtoto wa mama yake mdogo, aliyekuwa amehamia mtaa ule juzijuzi tu. Alasiri, semina ikiwa imekwisha, walikuwa wameketi uani wakichambua mchele, wanapiga soga. Ndipo Rahabu aliposikia.

*Nguuu, kho. Nguuu, kho.*

Ungo ulimtoka mkononi, mchele ukamwagika.

"Vipi wewe?" Eliza aliuliza.

"Nani anakoroga keki humu?"

"Ah, huyo ni Mama Ziada. Nyumba ile yenye mlango wa bluu. Keki zake usipime. Mbona umebadilika hivyo?"

Rahabu alikuwa ameshasimama. Alichofikiri wakati ule, alivyokuja kumsimulia Eliza baadaye, ni kwamba Mungu amemrudishia mali ya mama yake. Yule fundi mwizi aliiuza, na sasa imepatikana. Alivuka uchochoro akiwa na furaha. Furaha hiyo ndiyo aliyokuja kuichukia kuliko yote yaliyofuata.

Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa kijana, amejitanda mtandio, ana unga mpaka kwenye viwiko. Alimtazama mgeni, akaona ni mkubwa kwake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimeambiwa unaoka keki."

"Karibu ndani, karibu. Mimi Hanifa. Usijali vumbi la unga."

Mashine ilikuwa mezani, imepakwa rangi mpya ya maziwa, inazunguka. Ilikuwa imefutwa vizuri. Bakuli lilikuwa lile lile la kioo, na ile transfoma ilikuwa chini ya meza imewekwa juu ya kigae isiunguze sakafu. Mkekani alikaa mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi akilamba kijiko. Masikio yake yalikuwa yamechomoza mbele kidogo, kama ya mtu anayesikiliza siri. Rahabu aliyatazama masikio yale. Aliyajua. Alikuwa amelala kando ya masikio kama hayo usiku mwingi wa maisha yake.

"Mashine nzuri," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Ya zamani."

Hanifa alitabasamu, akaipapasa mashine kichwani. "Hii si yangu kusema kweli. Ni ya marehemu mke wa mume wangu. Alikuwa mwokaji huyo, wacha. Mume wangu aliponioa alisema, kitu pekee alichobaki nacho cha marehemu ni hiki, kwa hiyo nikikitunza ni kama namtunza yeye. Basi kila nikiiwasha huwa namwombea kwanza. Nasema, Mola amrehemu Rahabu, amlaze pema."

Rahabu alishika ukingo wa meza.

"Alikufaje?"

"Kwa uzazi, maskini. Yeye na mwanawe, siku moja. Wamelala kaburi moja huko Mtinko." Hanifa alishusha sauti kwa ajili ya mtoto. "Mume wangu mpaka leo hataki kuyazungumza. Akiulizwa anatokwa na machozi. Mimi ndipo nilipompendea, nikasema mwanamume anayelia hivi kwa ajili ya mke aliyekufa, huyu ni mtu."

"Anaitwa nani mume wako?"

"Mselemu. Aliposilimu ili anioe ndipo alipochukua jina hilo. Ila kazini huko Shelui bado wanamwita la zamani, Gervas. Yuko huko na malori, anakuja siku za mwisho wa juma."

Mwisho wa juma. Siku ambazo Gervas humwaga kwamba anakwenda kufuata spea za malori.

"Hanifa," Rahabu alisema, "zima mashine."

"Bado haijawa laini, dada."

"Zima. Mimi ndiye Rahabu."

Hanifa alicheka kwanza. Kisha alimtazama usoni, na kicheko kikamkauka. Alimvuta mtoto wake miguuni. Aliona yuko na kichaa ndani ya nyumba, na Rahabu aliona anachofikiri. Hakumlaumu. Alitoa simu kwenye pochi, akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akailaza mezani penye unga.

Iliita mara chache.

"Haloo, mama," sauti ya Gervas ilisema, ya kawaida kabisa, na nyuma yake zikisikika nyundo za gereji. "Semina vipi? Umekula?"

"Nimekula. Nilikuwa nakuuliza. Ile mashine ya mama, yule fundi hakuwahi kupatikana?"

"Lo, mke wangu, bado unaiwaza? Niliwaambia watu wanitafutie, hakuna dalili. Iache iende. Nitakununulia mpya, ya kisasa. Unanisikia? Usiumie moyo kwa ajili ya chuma."

Mtoto aliinua uso kutoka kwenye kijiko.

"Baba!" aliita kwa furaha. "Baba, njoo!"

Nyundo za gereji ziliendelea kusikika. Halafu simu ikakatwa.

Hanifa aliketi chini, pale pale sakafuni, kama mtu aliyepigwa ngwara. Mashine ilikuwa bado inazunguka na kukohoa. Rahabu ndiye aliyeizima. Kimya kilipoingia, alitaka kusema neno la kumtuliza yule msichana, maana aliona wazi kwamba wote wawili wamekatwa na panga moja. Alianza kusema, "Mdogo wangu—"

"Usiniite mdogo wako!" Hanifa aliinuka. Macho yalikuwa mekundu. "Nimekuombea mimi! Miaka yote hii! Nimefunga na kukuombea, nimetoa sadaka kwa jina lako, mtu hai unakula na kulala huko kwako! Kwa nini umekuja? Ungekaa huko huko ulikokufa!"

"Nimesikia mashine yangu."

"Basi ichukue."

Aliiinua mwenyewe, na uji wa keki bado ndani ya bakuli, akaitoa nje mlangoni, akaitua vumbini. Akarudi ndani, akaburura transfoma kwa waya wake, ikigonga kizingiti.

"Na hili dude lake. Usije ukarudi kulifuata."

Mlango wa bluu ulifungwa. Mtoto alikuwa akilia ndani.

Eliza ndiye aliyeita bajaji. Rahabu alimwaga ule uji mtaroni, akaliosha bakuli bombani kwa Eliza, polepole, pande zote, akalikausha kwa kanga. Hakulia. Eliza alilia kwa niaba yake.

Gervas alikuwa nyumbani Shelui Rahabu aliposhuka kwenye basi siku ya pili yake. Hakukimbia. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amenawa, amevaa shati safi, kama mtu anayengoja wageni wa posa. Alipoona mashine imebebwa na makuli wa stendi alisimama kusaidia. Rahabu alimwambia asiiguse.

"Nilitaka mtoto," Gervas alisema walipobaki wawili.

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Rahabu alijua asingekubali, na Gervas alijua kwamba anajua.

"Sawa," Rahabu alisema. "Ulitaka mtoto. Ungeniacha. Ungesema nina mke tasa, naongeza wa pili. Wangekuelewa. Kwa nini uliniua, Gervas?"

Alikuna kiganja chake chenye grisi ya siku zote. "Hanifa alisema hataki uke wenza. Halafu... ilikuwa rahisi. Ukisema umeacha mke, watu wanauliza kwa nini. Ukisema amekufa, wanakupa pole, basi. Nilisema mara moja tu. Baada ya hapo wao ndio walioendelea kusema."

"Na ulilia."

"Nililia kweli, Rahabu. Haikuwa uongo. Nilikuwa namlilia mtoto wetu."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba Gervas alikuwa amelichukua kaburi la mwanawe, akalipanua, akamsukumia na yeye humo, kisha akalitumia kuposea. Rahabu alimwonyesha mlango. Gervas alisimama kidogo, akatazama mashine, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyeifufua, bila yeye ingekuwa bado juu ya kabati. Rahabu aliinua mwiko aliomletea, ule wa mti mgumu. Gervas akatoka.

Wazee wa kanisa walikuja. Walisoma, waliomba, walimwambia uvumilivu ni tunda la roho. Mmoja alimkumbusha kwamba mwanamume kukosa mtoto ni jambo zito. Rahabu aliwapikia chai, akawapa keki, akawasindikiza mpaka barabarani, na tangu siku hiyo akaacha kuketi benchi la mbele.

Huko Singida, Hanifa alimfungia Gervas nje kwa muda. Kisha baba yake Hanifa akasema mtoto hawezi kukua bila baba, akamfungulia. Gervas akahamisha gereji yake, akaenda kukaa huko moja kwa moja. Watu wa Shelui walimhurumia Rahabu. Walirudi kuagiza keki, hata wasiokuwa na shughuli. Walipokuja kuzichukua walimshika mkono, wakamwambia jipe moyo, na yeye aliona afadhali walipokuwa wakiagiza kwingine bila kusema kitu.

Kabla ya mvua za masika alikuja Lazaro, mdogo wake Gervas, ametokea Mtinko kwa pikipiki. Alikuwa mtu mwema, na siku zote walitaniana. Safari hii alikataa kuketi. Alisimama mlangoni akizungusha funguo.

"Shemeji, nimetumwa na mama."

"Sema."

"Wanamleta yule mtoto nyumbani, Ziada. Ukoo wote unakutana kumpokea, unajua ni mjukuu wa kwanza kwa kaka. Sasa mama anasema... anasema wewe bado ni mkwe wake. Anaomba utuokee keki. Anasema kwa mkono wako shughuli itakuwa na heshima."

Rahabu alikuwa amemwogesha mama huyo alipougua. Alikuwa amempalilia viazi. Alitafuta usoni mwa Lazaro kama kuna mzaha, hakuuona. Walikuwa wamekaa, wazee kwa vijana, wakalizungumza jambo hili, wakaona ni jema. Waliona wanampa nafasi ya kubaki ndani ya ukoo.

"Mwambie mama namsalimu, shikamoo yake," alisema. "Halafu mwambie marehemu haoki keki."

Lazaro aliinamisha kichwa. Kisha akawasha pikipiki yake.

Mama mkwe alikasirika. Alituma watu kusema kwamba Rahabu ana moyo wa jiwe, mtoto mdogo amemkosea nini. Mtoto hakuwa amemkosea kitu, Rahabu alijua, na kujua hivyo hakukumpunguzia chochote.

Siku yenyewe ya shughuli alikuwa na kazi, keki ya harusi ya binti wa mwenye duka la pembejeo. Alipanga mayai, akapepeta unga, akawasha mashine. Ilipokuwa katikati ya kunguruma akaingia jirani yake, Mama Joshua, aliyekuwa ametoka Mtinko kwa wazazi wake jioni hiyo. Aliketi kwenye kigoda. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu tu asiyeweza kukaa na habari.

"Wamechinja ng'ombe," alisema. "Keki walinunua dukani, kavu hiyo. Lakini yule bibi! Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga mpya, akazunguka naye boma zima, hataki kumshusha. Akampeleka mpaka makaburini kumwonyesha kaka yake. Na mama yake mtoto, yule Mwislamu, alikaa pembeni hali chakula. Wanasema alipoonyeshwa lile kaburi, akaona ni dogo, la mtoto peke yake, alilia mpaka akashikwa."

Rahabu alikuwa amesimama, mkono juu ya kichwa cha mashine. Aliusikia mtetemo ukipanda mpaka begani. Alitaka kuuliza kama kaburi limepaliliwa. Mama Joshua aliendelea na mengine, nani alikuja na nani hakuja, kisha akaaga, na mashine ikawa bado inazunguka. Alipokuja kuizima, uji ulikuwa umekorogwa kupita kiasi, umekuwa mwepesi, umejaa povu kama maziwa yanayotaka kumwagika.

Alijua imeharibika. Aliioka hivyo hivyo. Ndani ya oveni iliumuka vizuri mno, ikapita ukingo wa chombo, na alipoifungua ikazama katikati palepale, mbele ya macho yake.

Hakuwa na nafasi ya kukaa. Harusi ilikuwa kesho. Aliikata ile iliyozama akawatupia kuku, akabakiza kipande kimoja, akakitafuna amesimama. Kilikuwa kitamu. Alikitema. Kisha akaanza kuvunja mayai mengine.